Picha si Majibu

Juma hili nataka tuzungumze juu ya neno moja dogo ambalo siku hizi halikauki midomoni mwa watu wa mji wetu wa Ifakara, na nina hakika huko Morogoro na Dar es Salaam pia halikauki. Neno lenyewe ni "picha". Sisemi picha ya arusi wala ya kitambulisho. Nasema picha ya hospitali.

Ukisikia kwamba fulani amepigwa picha, swali la kwanza ni moja: "Wamemkuta na nini?" Hakuna anayeuliza picha ya aina gani, wala imepigwa kutafuta nini, wala nani ameisoma. Tunadhani mashine ikishawashwa na mgonjwa akishalala kitandani, basi ukweli wote umeanikwa kama mpunga juani. Kwa hiyo majibu yakichelewa siku mbili tatu, tunanong'ona kwamba tunafichwa jambo. Wengine huishiwa uvumilivu, wakachukua bahasha yao wakaenda kupiga picha nyingine pengine, wakaliwa fedha mara mbili. Wengine huacha kabisa kurudi, kwa hofu.

Mimi nimeyaona hayo kwa macho yangu, maana mwaka huu nami nilikuwa miongoni mwa watu wa bahasha. Nitawasimulia, lakini tuanze na mashine zenyewe.

Binadamu ametamani kuona ndani ya tumbo bila kutumia kisu tangu zamani. Mwaka 1761 daktari mmoja wa Austria, Leopold Auenbrugger, alichapisha kitabu kidogo akieleza kwamba kifua cha mgonjwa kikigongwa kwa vidole hutoa sauti tofauti kikiwa na hewa na kikiwa na maji. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na katika kazi ile mapipa ya mvinyo yaligongwa ili kujua yamejaa kiasi gani. Jambo hilo halina ugeni kwetu. Mama anayenunua nazi sokoni huitikisa, na mwenye pipa la maji uani huligonga kwa kiganja, akajua maji yamefika wapi bila kufunua.

Ikaja eksirei. Tarehe 8 Novemba 1895, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, Profesa Wilhelm Conrad Röntgen aligundua mionzi isiyoonekana kwa macho, inayopenya nyama lakini ikazuiwa kwa kiasi kikubwa na mifupa. Mwezi uliofuata alipiga picha ya mkono wa mkewe, na mifupa ya vidole ikaonekana pamoja na pete. Mwaka 1901 Röntgen akapewa Tuzo ya Nobel ya kwanza kabisa ya fizikia. Hadi leo, aliyeanguka na bodaboda barabara ya Kidatu, au anayekohoa kwa majuma bila nafuu, ataanza na eksirei.

Baadaye ikaja siti skani. Hiyo ni eksirei inayomzunguka mgonjwa na kupiga kutoka pande nyingi, kisha kompyuta inaunganisha vipande hivyo na kuonyesha mwili kana kwamba umekatwa slesi za mkate. Mgonjwa wa kwanza alichunguzwa London mwaka 1971 kwa mashine ya Mwingereza Godfrey Hounsfield. Lakini mmoja wa waliofungua njia ya hesabu zake alikuwa mwana wa Afrika, Allan Cormack, aliyezaliwa Johannesburg, na aliyeanza kulifikiria jambo hilo alipokuwa akifanya kazi Cape Town. Wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Ipo pia MRI, ambayo haitumii mionzi bali sumaku yenye nguvu sana. Ndiyo maana kabla ya kuingia humo unaulizwa kama una chuma chochote mwilini, na huo si udadisi wa bure.

Ya nne, ambayo ndiyo ndugu yetu wa karibu katika miji kama hii yetu, ni altrasaundi. Hii haina mionzi. Inatumia sauti tu. Simama karibu na milima ya Udzungwa upige ukelele, na mlima utakurudishia mwangwi. Popo wa usiku hutumia mwangwi huohuo kukwepa miti gizani. Altrasaundi ni popo wa hospitalini. Sikio letu husikia sauti isiyozidi mitikisiko kama 20,000 kwa sekunde, lakini kifaa kile kinachoshikwa mkononi hutoa sauti ya mitikisiko milioni kadhaa kwa sekunde. Sauti hiyo huingia mwilini kwa kasi ya mita zipatazo 1,540 kwa sekunde, ikagonga ini, figo au mtoto tumboni, ikarudi. Mashine hupima mwangwi umechukua muda gani kurudi na umerudi na nguvu kiasi gani, kisha huchora. Daktari Ian Donald na wenzake wa Glasgow, Scotland, walitangaza matumizi yake kwa tumbo la binadamu mwaka 1958.

Shika neno hilo, msomaji: mashine huchora. Haisemi.

Hapa Ifakara altrasaundi ina historia ambayo wengi wetu hatuijui. Profesa Rudolf Geigy wa Basel, Uswisi, alifika katika bonde hili mwaka 1949, na mwaka 1957 ikaanzishwa hapa maabara ya utafiti ya Uswisi. Maabara hiyo ndiyo iliyokua hadi kuwa Taasisi ya Afya Ifakara ya leo. Miongoni mwa maradhi waliyoyakuta ni kichocho cha kibofu, ugonjwa wa watu wa mpunga, wavuvi, na watoto wanaooga kwenye madimbwi. Katika miaka ya themanini watafiti walichukua altrasaundi wakawachunguza vibofu na figo wakazi wa bonde hili wenye kichocho, wakawapa dawa ya prazikwanteli, kisha wakawapima tena. Walichapisha matokeo yao mwaka 1990. Kabla ya hapo, kuona uharibifu wa kibofu kulihitaji eksirei pamoja na dawa ya kudungwa kwenye mshipa, au kuingiza mrija kwenye njia ya mkojo. Mambo hayo mawili huwezi kuyafanya chini ya mwembe. Kwa altrasaundi iliwezekana kuona ukuta wa kibofu umevimba, na, la kutia moyo zaidi, kuona uvimbe huo ukipungua baada ya tiba.

Sasa niwaeleze yaliyonipata mimi.

Kama waajiriwa wengi wa mji huu, mshahara wangu nausaidia kwa jembe. Nina eneo dogo la mpunga, na msimu wa kupandikiza huingia majini hadi magotini pamoja na mama watoto. Mwezi mmoja baada ya mavuno, Jumapili jioni, mkojo wangu ulimalizika na damu. Haikuwa nyingi, matone tu, lakini damu ni damu. Nimetimiza miaka arobaini na saba. Katika umri huu damu kwenye mkojo ina milango mingi: huenda ni kichocho, huenda ni jiwe, huenda ni tezi dume, na huenda ni lile neno ambalo sote hulisema kwa sauti ya chini, saratani. Jumatatu nilikuwa hospitalini.

Daktari aliniuliza maswali, akanipima, akaandika vipimo viwili, mkojo na altrasaundi ya kibofu na figo. Nikalipa, nikapewa risiti, nikaambiwa ninywe maji chupa mbili kubwa na nisiende haja ndogo. Watu wengi hudhani hayo ni mateso ya makusudi. Sivyo. Hewa ni adui wa altrasaundi, kwani sauti ikikuta hewa hugota na kurudi bila kuona kilichopo nyuma. Utumbo umejaa hewa. Kibofu kikijaa maji husukuma utumbo kando, tena chenyewe kinakunjuka na ukuta wake unapimika sawasawa. Kwa sababu hiyohiyo hupakwa ule ute wa baridi tumboni, ili isibaki hewa kati ya ngozi na kifaa. Na anayekwenda kupimwa mfuko wa nyongo huambiwa asile, kwa sababu chakula, hasa chenye mafuta, hukamua mfuko ule ukanywea.

Benchi letu lilikuwa na watu wanane, na nusu yao tulikuwa tumekunja miguu kwa haja moja. Kando yangu alikaa bibi mmoja aliyetoka ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Zamani, kabla Daraja la Magufuli halijafunguliwa mwaka 2018, angesubiri kwanza kivuko cha mto Kilombero, na mto ukijaa angeweza kusubiri sana. Sasa alikuja kwa gari mpaka mjini. Aliniinamia akaniuliza:

"Mwanangu, nikishapigwa hii picha, tumbo litapoa?"

"Hapana, bibi. Hii haitibu. Inatazama tu."

"Inatazama tu? Na fedha zote hizi?"

"Inamwonyesha daktari njia, bibi, ili dawa utakayopewa iwe ndiyo."

Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Basi na itazame vizuri." Sijasikia dua bora kuliko hiyo kwa mtu anayeingia chumba cha picha.

Zamu yangu ilifika saa tisa alasiri. Chumba kilikuwa na giza kidogo, na kijana aliyevaa koti jeupe alinisalimu kwa heshima.

"Shikamoo, mzee. Mkojo umebana?"

"Marahaba. Umebana tangu saa saba."

"Vumilia kidogo tu."

Akanipaka ute, akaanza kukandamiza chini ya kitovu. Mimi nikageuza shingo kutazama kioo. Wenye macho yasiyofundishwa tunaona mvua na ukungu tu. Baadaye nilielezwa kwamba maji, kama mkojo ndani ya kibofu, huonekana meusi kwa kuwa hayarudishi mwangwi. Mfupa au jiwe huonekana jeupe, na nyuma yake pana kivuli, kama jiwe lililozuia mwanga wa taa. Nyama huwa kijivu cha namna namna. Kijana akatulia mahali pamoja. Akapima kwa vitone viwili. Akarudia kupima. Akanigeuza ubavu, akatazama figo, kisha akarudi palepale pa mwanzo akapima mara ya tatu.

Moyo wangu ukaanza kwenda mbio. "Kijana wangu, unaona nini hapo?"

"Daktari atakueleza, mzee."

Ndugu wasikilizaji, sentensi hiyo fupi imewakosesha wengi usingizi. "Daktari atakueleza." Mtu huichukua, akaigeuza, akaipa maana mia. Alinyamaza kwa sababu gani? Kwa nini alipima mara tatu? Mbona macho yake hayakunitazama? Mimi ambaye kazi yangu ni kuuliza maswali, nilijifuta ute, nikatoka bila swali la pili.

Nimelichunguza jambo hilo baadaye, na naomba mnisikilize, kwa sababu hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo. Anayepiga picha na anayetoa majibu mara nyingi si mtu mmoja, na hata wanapokuwa mmoja, kazi hizo ni mbili. Kazi ya kwanza ni kuipata picha iliyo safi. Kupima mara tatu ni ustadi, kwa sababu ukuta wa kibofu unapimwa kwa milimita, na kubonyeza vibaya kunaweza kubadili kipimo. Kazi ya pili ni kuisoma picha pamoja na habari nyingine: umri wa mgonjwa, kazi yake, dalili, damu na mkojo wake. Kijana akinitajia alichokiona kabla vitu hivyo havijakutanishwa, anaweza kunipa furaha ya uongo au kunitia hofu ya bure. Na yote mawili huumiza watu.

Isitoshe, wanaosoma picha ni wachache. Daktari bingwa wa mionzi husomea udaktari kwanza, kisha huongeza miaka mingine ya ubingwa, na walio wengi wako katika hospitali kubwa za mijini. Siku hizi picha za kidijitali zinaweza kutumwa kwa mtandao zikasomwe mbali, na hilo limepunguza safari. Lakini anayesoma huko naye ana foleni yake.

Kwa upande wangu palikuwa na sababu nyingine ambayo sikuitegemea. Nilipopeleka kopo la mkojo maabara alasiri ile, niliambiwa nirudi kesho yake kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Nilidhani wanakwepa kazi. Kumbe mayai ya kichocho hutoka kwa wingi katika saa hizo, na mkojo wa alasiri unaweza kusema hakuna ilhali yapo. Basi Jumanne nikarudi na kopo. Jumatano nikapewa bahasha ya altrasaundi, na Alhamisi ndiyo siku ya daktari. Siku nne, na kila siku ilikuwa na sababu yake. Kungekuwa na mtu wa kuniambia sababu hizo Jumatatu, siku nne zile zingekuwa fupi.

Maana nyumbani nako kuna madaktari. Jirani wa kwanza alisema damu ile ni joto la mwili, ninywe maji ya dafu. Wa pili alinishauri nisipoteze muda, nipande basi usiku huohuo kwenda Dar es Salaam kupiga siti skani. Wa tatu, Mungu amsamehe, alinisimulia kwa kirefu habari za shemeji yake ambaye alianza hivihivi, na sasa ni marehemu. Mama watoto alinyamaza tu, lakini nilimwona anahesabu fedha za ada na kuzirudisha kwenye kopo.

Jumatano usiku nilifungua bahasha. Nina stashahada ya uandishi wa habari na Kiingereza nakisoma, lakini karatasi ile ilinishinda. Figo zote mbili, iliandikwa, ziko sawa. Tezi dume ya kawaida. Ukuta wa kibofu umekuwa mnene upande mmoja. Halafu ikafuata sentensi ya mwisho iliyosema kwamba uwezekano wa uvimbe mbaya hauwezi kuondolewa. Niliisoma sentensi hiyo hadi mafuta ya taa yakaisha, maana umeme ulikuwa umekatika.

Alhamisi daktari aliitazama karatasi, akanitazama na mimi, nadhani akaona macho yasiyolala. Akavuta kiti. "Picha imeniambia ukuta ni mnene," alisema. "Haijaniambia kwa nini. Kichocho hunenepesha ukuta, na saratani nayo hunenepesha ukuta. Kwenye kioo vinaweza kufanana. Aliyeandika hapa hakusema una saratani. Amesema yeye, kwa mashine yake peke yake, hawezi kuapa kwamba huna. Huo ni uaminifu wake."

Kisha akafungua karatasi ya maabara. Mayai ya kichocho yalikuwapo. Akanieleza kwamba minyoo ya kichocho hukaa kwenye mishipa midogo ya damu kuzunguka kibofu, na mayai yake, yenye ncha kali upande mmoja, hupenya ukuta ili yatoke na mkojo. Mengine hunasa humo, na mwili hupambana nayo kwa kuvimba. Uvimbe huo usipotibiwa kwa miaka mingi, ndio ambao kwa baadhi ya watu huzaa saratani ya kibofu. Kwa hiyo yale magonjwa mawili niliyoyatenganisha kichwani mwangu, moja jepesi na jingine zito, kumbe ni mtu na jirani yake.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mwili, mara moja. Nina kilo 75, nikapewa vidonge vitano vya miligramu 600. Mama watoto naye aliitwa kupimwa, kwa kuwa tunaingia maji yaleyale. Nikapangiwa kurudi kupigwa altrasaundi nyingine baada ya miezi mitatu. Ukuta ukiwa umenywea, vema. Ukiwa bado mnene, itabidi nipewe rufaa kwenda hospitali kubwa, wakaingize kamera nyembamba kutazama ndani na kuchukua kipande kidogo kwa ajili ya darubini. Nilipouliza kama ningeweza kuruka hatua hiyo nikapige siti skani mara moja, alinijibu kwamba siti skani ni nzuri kwa kazi yake, lakini ingeonyesha ukuta mnene uleule kwa bei kubwa zaidi, na kwa mionzi mingi kuliko eksirei ya kawaida.

Naandika haya miezi mitatu ikiwa haijatimia. Damu imekoma. Ukuta sijui. Nimejifunza kuishi na maneno hayo mawili pamoja.

Basi tunapata nini katika habari hii, sisi tusio madaktari?

Tunapata kwanza kwamba unapoandikiwa picha una haki ya kuuliza, na daktari mwema hachukii. Muulize anatafuta nini. Muulize picha hiyo inaweza kuonyesha nini na haiwezi kuonyesha nini. Muulize ujiandae vipi, ule au usile, ukojoe au usikojoe. Muulize majibu yatatoka lini, utayapata kwa nani, na kama yatachelewa, ni dalili gani ikikupata usisubiri siku ya miadi. Kwa mfano, mwenye damu kwenye mkojo akishindwa kabisa kukojoa, au akipata homa kali na maumivu ya ubavu, huyo hasubiri Alhamisi. Anakwenda usiku huohuo.

Mama mjamzito, au anayedhani huenda ni mjamzito, aseme kabla ya eksirei au siti skani, hata kama hajaulizwa. Eksirei moja ya kifua ina mionzi kidogo sana, haizidi ile tunayoipata ardhini na angani kwa siku chache, lakini mtoto tumboni analindwa kwa kadiri inavyowezekana. Altrasaundi haina hatari hiyo. Hata hivyo, kukosa hatari si sababu ya kuirudia kila juma kwa udadisi wa kujua kama ni mvulana au msichana.

Tena, tunzeni picha na karatasi zenu. Zisikunjwe kuwa kifungio cha karanga. Picha ya leo ina thamani mara mbili ikiwa kuna ya jana ya kulinganisha nayo. Mimi miezi mitatu ikifika, jambo litakalotazamwa si unene wa ukuta peke yake. Ni kama umeongezeka au umepungua.

Kwa wenzetu wa hospitali nina ombi moja, nalo halihitaji bajeti. Ile sentensi ya "daktari atakueleza" iongezewe mkia: atakueleza lini, na kwa nini si sasa. Dakika moja inatosha. Na karatasi ya majibu, hata ikibaki kwa Kiingereza kwa ajili ya madaktari wenyewe, iwe na mistari miwili chini kwa Kiswahili kwa ajili ya mwenye tumbo. Mtu aliyekuja kutoka Mlimba au Malinyi hawezi kuombwa alale na sentensi asiyoielewa.

Na kwetu sisi wa jembe na maji, tukumbuke kwamba altrasaundi inaonyesha moto umefika wapi. Haiuzimi. Kichocho huanza pale mtu mwenye ugonjwa anapokojoa majini. Mayai yanaanguliwa, vimelea vinaingia kwenye konokono, vinatoka humo na kutoboa ngozi ya anayefuata. Choo kando ya shamba, na mtoto wa shule anayemeza dawa yake siku ya kugawiwa badala ya kuificha chini ya ulimi, vitapunguza watu wa kukaa kwenye lile benchi.

Ukimwona ndugu yako ameshika bahasha ya hospitali, usimuulize wamemkuta na nini. Muulize miadi yake ni lini, kisha mwambie utamsindikiza.

Tukutane tena juma lijalo, saa kama hii na ukurasa kama huu.